Popo Wamefika, Mtani

Vijana wa ofisini waliponiaga walinipa saa ya ukutani. Niliwashukuru, nikaibeba hadi nyumbani Korogwe, na mke wangu akaitundika sebuleni mkabala na kiti changu, ili mtu asiye na pa kuwahi aone kila dakika kwamba hachelewi. Siku ile ile mmoja wenu alinisogelea kando ya sufuria la pilau akaniambia, "Mzee, tuandikie mambo ya kazi. Siyo ya kwenye faili, yale ya kweli." Nimekaa na ombi hilo wiki kadhaa. Ya vyeo sitaandika kwa kuwa vilikuwa vichache, na mshahara wa afisa ugani kila mmoja wenu anaujua bila kusimuliwa. Nitaandika habari ya popo, ambayo mmeniuliza mara nyingi huku mkicheka, na ya Mzee Mhina, ambaye wengi wenu hamjawahi kumwona.

Nilipangiwa Kwaluguru, Handeni, nikiwa kijana mbichi wa chuo, na cheti ndani ya bahasha, baiskeli ya serikali yenye breki moja, na buti zilizonibana vidole. Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Baba alitoka Tabora kuja kukata mkonge Korogwe, akaoa huku huku na akazikwa huku huku, kwa hiyo Kinyamwezi changu kinaishia kwenye salamu. Wazigua hawakujali hilo. Mnyamwezi ni mtani wao, na mtani ni mtani hata kama Tabora yenyewe hajaiona kwa macho.

Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mlinzi wa ghala kuukuu la ushirika, ambamo nilipewa kona ya kuwekea mbegu na dawa. Nilimkuta mlangoni akichonga mzinga wa nyuki. Alinizidi miaka kama kumi na mitano. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi. Kwa ujinga wa ugeni nikamjibu kwamba baba yangu alikuwa Mnyamwezi. Akaweka patasi chini.

"Mnyamwezi?" akasema. "Basi hupiti hapa bure. Vua buti hizo."

Nikadhani anatania. Ni kweli alikuwa anatania, lakini buti alizichukua. Nilimaliza siku yangu ya kwanza ya utumishi wa umma nikizunguka peku kwenye mashamba ya watu, na kina mama wakinicheka kutoka barazani. Kesho yake akanirudishia. Alikuwa amezilowesha na kuzipanua usiku kucha kwa vibao alivyovichonga mwenyewe, na tangu hapo hazikunibana tena. Huyo ndiye Mzee Mhina.

Jioni ya siku hiyo hiyo ya peku aliniambia nikae naye kwenye ngazi ya ghala, nitazame chini ya ukingo wa paa, nisiseme kitu. Jua likazama nyuma ya miti ya upande wa lambo, ambako wafugaji walikuwa wanaondoa ng'ombe wa mwisho kunywa. Kwanza nikasikia mkwaruzo kwenye mbao. Akatoka mmoja, mdogo kuliko kiganja changu. Kimya kidogo. Wakatoka wawili, kisha watatu kwa pamoja, kisha ikawa kama mtu amefungua bomba. Mzee Mhina alikuwa anahesabu kwa midomo, na kila wakifika kumi anakunja kidole.

"Hawa ni wafanyakazi wenzako," aliniambia walipokwisha. "Wanaingia zamu saa hii. Na hawaombi posho ya safari."

Asubuhi alinionyesha jambo ambalo chuoni hawakunifundisha. Sakafuni mwa ghala kulikuwa na vinyesi vyeusi vidogo vidogo, nami nilikuwa nimeshaandika kwenye ripoti yangu ya kwanza kwamba kuna panya na ninaomba sumu. Akachukua kijiti akakisaga kimoja. Kikapukutika kuwa unga, na ndani ya unga mlimetameta vipande vya mabawa ya wadudu. Kinyesi cha panya, akasema, kigumu, hakisagiki hivyo wala hakimeti. Kisha akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba: nondo wanaoruka jioni ndio wazazi wa viwavi wanaokula mahindi, popo anakula wazazi, na viwavi wanaobaki anabaki nao mkulima. Hakusema popo wanamaliza wadudu. Alisema wanapunguza kazi. Nilichana ripoti.

Nasema wazi kwamba sikuwahi kupima jambo hili kwa mizani ya wataalamu. Ninachojua ni kwamba mashamba ya karibu na ghala hayakuwa yakililia dawa mapema kama ya mbali, na kwamba jioni pale ngazini tulikaa bila kupigapiga mbu hovyo. Nilikaa kwenye ngazi ile jioni nyingi sana. Nikiulizwa leo ninachokikumbuka zaidi katika kazi yangu yote, siyo semina wala maonyesho ya wakulima. Ni harufu ya ghala lile, magunia, vumbi na kinyesi cha popo, na bega la Mzee Mhina likiwa karibu na langu. Naikumbuka hadi inauma.

Miaka ilikwenda. Ikaja habari kwamba paa la ghala litaezuliwa, liwekwe bati mpya na dari ya kuziba kila tundu, kazi ianze masika ikiisha. Jambo zuri kwa mbegu. Lakini popo wangekwenda wapi? Ndipo nikakumbuka kwamba mwalimu mmoja chuoni aliwahi kutuchorea ubaoni sanduku la popo: jembamba, refu, limefungwa pande zote isipokuwa chini, la kutundika nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimelinakili na kulisahau. Nikafukua daftari, nikachora upya kwenye karatasi ya manila, nikaitisha mkutano.

Niliwaambia wanakijiji kila nyumba ya jirani na ghala itengeneze sanduku moja kabla paa halijaondolewa, ili popo wapate pa kuhamia. Watu walikuwa wananisikiliza vizuri. Mzee Mhina akanyoosha mkono.

"Bwana Shamba, mimi sina swali, nina onyo kwa ndugu zangu," akasema. "Jamani, huyu Mnyamwezi anataka popo wasogezwe karibu na majiko. Jiulizeni kwa nini."

Mkutano ukaangua kicheko. Nami ni mtani, siwezi kuachia hapo. Nikasema ndiyo, nitawala, na nyama nitakula mwenyewe, Wazigua nitawaachia mchuzi kwa sababu meno yao yamezoea uji. Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu, mama mmoja akanirushia kanga yake. Nikarudi kukaa nikiwa na furaha kubwa, nikijiona nimewateka. Hakukuwahi kuwa na mkutano mzuri kama ule Kwaluguru, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo.

Hakuna aliyetengeneza sanduku. Nilipopita nyumba kwa nyumba kuuliza, kila mtu alicheka. "Bwana Shamba, unatutania hadi majumbani?" Nikawaapia kwamba hili ni jambo la kazi, wakacheka zaidi, maana mtani akiapa ndiyo kwanza utani unanoga. Nyinyi mnaokwenda kufanya kazi mahali penye watani wenu, shikeni hili: semeni la kazi kwanza, lisimame, likauke, ndipo mtanie. Mkivichanganya, watu watachukua kicheko na kuacha maneno.

Aliyetengeneza ni Mzee Mhina peke yake. Na yeye, fundi wa mizinga tangu ujana wake, alitengeneza anavyojua. Mbao alizipiga randa zikawa laini, kisha ndani akapaka nta, kama anavyofanya kwenye mzinga ili nyuki wavutiwe na harufu. Popo hawezi kung'ang'ania mbao laini yenye nta, anateleza. Nyuki, kwa upande wao, walivutiwa kweli. Hawakumaliza juma kabla ya kuhamia. Baadaye alinipa chupa ya asali na ujumbe kwamba popo wangu wameanza kutoa mazao.

Tulikuwa bado tunacheka habari ya asali mafundi wa paa walipokuja. Walikuja mapema kuliko tulivyoambiwa, na walianza kung'oa bati saa sita mchana. Popo waliamshwa na jua kali, wakaanguka, wakaruka hovyo, wakapiga kuta. Kunguru walikuwa wanawangoja juu ya miti. Waliopona walizunguka ghala mara nyingi, wakitafuta tundu lao ambalo halikuwepo tena, halafu wakaelekea upande wa vilima na hatukuwaona tena. Mzee Mhina alisimama katikati ya kiwanja akiwa amevua kofia. Nilimsogelea.

"Wangekuwa na mahali," akasema. "Ni kinywa changu hiki."

Nilimwambia vinywa vilikuwa viwili, changu na chake. Tangu siku ile sanduku halikuwa tena jambo la kujaribu kwake. Alitaka popo warudi, wakae nyuma ya nyumba yake, awaone kwa macho yake kwamba wamepata mahali. Alilitaka hilo kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu chochote.

Tukaanza upya, na makosa yakawa ya zamu. Safari hii alitumia mabanzi, yale magome ya mbao yanayobaki mashineni, yasiyopigwa randa, na ndani nikamshauri achanje mistari kwa msumeno ili makucha yapate pa kushika. Nafasi ya ndani ikawa unene wa kidole gumba, basi. Hapo tulipatia. Kisha mimi, mtaalamu, nikaharibu. Nimewafundisha wakulima miaka mingi kupaka oili chafu kwenye nguzo kuzuia mchwa, kwa hiyo nikapaka nguzo, na mkono ukiwa umezoea nikapaka na sanduku. Lilinuka gereji mwaka mzima. Nani angelala humo? La tatu tukaliwekea kipande cha bati juu, na kwa jua la Handeni likawa tanuri. La nne tukalitundika kwenye mkwaju, paka akawa anapanda kulichungulia kila jioni kama mkaguzi.

La tano ndilo tulilokubaliana nalo wote wawili. Mabanzi makavu, bila rangi, bila oili, bila nta. Nguzo peke yake, mbali na matawi, juu kiasi cha watu wawili kusimama mabegani na zaidi kidogo, likipigwa na jua la asubuhi na kukingwa na nyumba jua la mchana. Chini yake wazi, pasiwe na kamba ya nguo wala taa. Lambo liko karibu, na penye maji ndipo wadudu wanapojaa. Na mtu asiwaguse popo kwa mkono mtupu, hata akimkuta mmoja kaanguka na kumwonea huruma. Baada ya hapo kilichobaki ni kungoja, na kungoja hakuna kozi yake.

Hatujangoja vya kutosha, nikahamishiwa Mashewa, huku Korogwe. Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari kwenye gari, nilikwenda nyuma ya nyumba yake. Alikuwa anatazama juu.

"Mzee, wakija nijulishe," nikamwambia. "Nitakuja siku hiyo hiyo, tuwahesabu wote wawili. Hata kwa miguu."

"Kwa miguu mmezoea, Wanyamwezi," akasema, lakini hakunitazama usoni.

Mashewa palinipokea vizuri na sina cha kulalamika. Wasambaa ni wakulima hodari, mvua ni nyingi, na miteremko ya huko ilinifundisha matuta upya. Nilitundika masanduku ya popo kwenye nyumba kadhaa, mawili yakapata wakazi, na hapo ndipo mkaanza kuniita Bwana Popo. Lakini jioni nilipowahesabu popo wa Mashewa nilikuwa natazama pembeni yangu, na pembeni yangu hapakuwa na mtu anayekunja vidole.

Zikaja simu za mkononi. Siku moja jioni, yangu ikalia, nikasikia sauti yake.

"Popo wamefika, mtani."

Sikuuliza hata swali. Alfajiri nilipanda basi la Handeni, kutoka hapo nikachukua bodaboda hadi Kwaluguru, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Nikakimbilia nyuma ya nyumba. Sanduku lilikuwa tupu. Nilipogeuka, Mzee Mhina alikuwa ameegemea ukuta anacheka machozi, na kuku alikuwa ameshachinjwa. Nilikasirika hadi wali ulipotengwa. Mara ya pili aliongeza idadi, wanane, nami nikaamini kwa sababu ya idadi. Mara ya tatu alimpa simu binti yake, Mwanaidi, ambaye tangu utoto hajui kusema uongo, na kumbe alikuwa amejifunza. Kila mara kuku, kila mara kicheko, kila mara tunakaa hadi giza chini ya sanduku tupu tukizungumza ya zamani.

Mara ya nne nilimwambia nina kazi. Na ni kweli nilikuwa nayo. Mara ya tano nikamwambia awasalimie popo, nikakata simu nikicheka. Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi yetu, yeye anapiga na mimi nasema wasalimie. Miaka minne ikapita sijatia mguu Kwaluguru. Nilimpenda mzee yule na sikwenda kumwona, na sioni aibu kuyaandika yote mawili pamoja, kwa kuwa mtayakuta na nyinyi.

Masika ya mwisho kabla sijastaafu, alipiga tena.

"Popo wamefika, mtani."

Alisema taratibu. Hakutaja idadi, hakumwita Mwanaidi. Mezani kwangu kulikuwa na mafaili ya kukabidhi.

"Wape chai," nikamwambia.

Nilisikia jogoo upande wake. "Haya," akasema, "nitawapa." Akakata yeye, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Nilihisi kuna jambo, na nikaamua kutohisi.

Nimestaafu, nikapewa saa. Kiangazi kilikuwa kimeshakauka kabisa Mwanaidi aliponipigia. Siku hizi amerudi kukaa na baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mzee hajambo?"

"Mwili haujambo. Hakukwambia habari ya macho?"

"Macho yana nini?"

"Yameisha, baba. Presha ya macho. Hospitali walisema tulichelewa. Yalianza kufifia miaka ile akikuita kwa uongo. Alitaka uje tu, kusema anaona haya."

Nilikaa chini. Akaendelea.

"Na wale popo walikuja kweli, masika. Kila jioni anawasikia. Ananiuliza wametoka wangapi, mimi niko jikoni, namtajia tu. Anasema, Mwanaidi, huhesabu wewe, unabuni. Anasema anayejua kuhesabu yuko Korogwe."

Mke wangu alinikuta nimeshika simu iliyokwisha kukatwa. Asubuhi nilikuwa ndani ya basi. Njia nzima nilikuwa najitetea moyoni, kwamba alinidanganya mara tatu, kwamba mtu yeyote angefanya nilivyofanya. Utetezi ulikuwa mzuri na haukunisaidia.

Nilimkuta barazani. Amepungua, ila mikono ni ile ile mikubwa. Nikamwamkia, na kabla sijataja jina akageuza uso kwangu na kucheka kicheko chake chote.

"Mnyamwezi! Umekuja kufuata nini? Chai ya popo nilishawapa."

"Nimekuja kuomba radhi, mzee."

"Radhi ya mtani hailiki. Ungeleta sukari." Nilikuwa nimeleta sukari. Akanishika mkono akawa hauachii, tukakaa hivyo muda mrefu, na tulizungumza juu ya kila kitu isipokuwa macho.

Alasiri akaingia kupumzika, nikazunguka nyuma ya nyumba. Sanduku limekuwa la kijivu kwa mvua na jua. Chini yake palikuwa na vinyesi, vingi, nikafurahi kwa dakika moja. Kisha nikachuchumaa na kijiti. Vilikuwa vya zamani, vimepauka, vimechanganyika na vumbi, hapakuwa na kimoja cha wiki ile. Nikamulika tundu kwa tochi ya simu. Mabanzi yalikuwa yamechakaa vizuri mahali makucha yaliposhika. Mjusi alinitazama akaondoka. Zaidi yake hapakuwa na mtu. Nilitazama upande wa lambo, nikaona limebaki tope lililopasuka. Pasipo maji hapana wadudu, na popo hakai mahali pasipo na chakula kwa kuwa tu amependwa. Huenda wangerudi masika. Huenda wasingerudi.

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi.

"Wapo?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Baba anasema bado anawasikia. Kila jioni anasema wamebaki wachache." Akatazama chini. "Utamwambia?"

Nikamjibu sijui. Ni kweli sikujua.

Mzee Mhina aliswali magharibi pale pale nyuma ya nyumba, kwenye mkeka. Alipomaliza nikamsogezea kigoda, nikakaa karibu naye, nikaelekeza uso kwenye sanduku na yeye akaelekeza wake, sawasawa kabisa, kana kwamba anaona. Mwanga ulikuwa unaondoka. Hapakuwa na mkwaruzo. Hapakuwa na bawa. Nilisikia sufuria la Mwanaidi na kengele ya ng'ombe mbali sana.

"Wameanza?" akauliza.

Niliangalia tundu jeusi lile. Nilifikiria masika yote, jioni zote alizokaa hapa akisikiliza na mimi nikiwa Korogwe na mafaili yangu.

"Wameanza," nikasema. "Mmoja."

"Eeh."

Nikanyamaza kidogo, kwa kuwa wa kwanza huwa anatoka peke yake. "Wawili. Watatu... hawa wametoka pamoja, watano. Sita." Nilihesabu kama alivyonifundisha, nikisita wanaposita na kuharakisha wanapobanana. Naye alikuwa anakunja vidole. Nilipofika kumi na saba nikakatisha, nikajifanya nakohoa.

"Mtani," akasema.

"Naam, mzee."

"Popo akitaka kutoka hukwaruza mbao kwanza. Masikio yangu bado ninayo. Ya wachache waliobaki namtungia Mwanaidi tu."

Nilingoja hasira yake, maana nilikuwa nimeistahili. Badala yake akavuta kigoda chake mpaka goti lake likagusa langu, akainua tena uso kwenye sanduku.

"Umefika kumi na saba," akasema. "Endelea."